Jinsi ya kufuata misimu ya Nairobi ukitumia bustani moja tu

Utasikia watu wakisema Nairobi haina misimu, eti ni jua, mvua, alafu ile baridi ya Julai, basi. Si kweli kabisa. Misimu iko, tena mingi, ni vile tu haipangwi na joto na baridi kama huko Ulaya, inapangwa na mvua. Sisi tuko karibu sana na ikweta, mchana wetu ni kama saa kumi na mbili mwaka mzima, na jua likivuka ikweta mwezi wa tatu na tena mwezi wa tisa ule ukanda wa mvua unalifuata nyuma, ndio tunapata masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Katikati kuna kiangazi cha Januari na Februari, na baridi ya Juni hadi Agosti. Miti ya barabarani, ndege, vipepeo, ata siafu, wote wanaishi kwa hiyo ratiba, na mtu yeyote anaweza kujifunza kuisoma bila digrii ya bayolojia wala vifaa vya pesa nyingi.

Sasa unaanzaje. La kwanza na ndilo kubwa kuliko yote: chagua bustani moja na urudi huko huko. Usifanye ile ya wiki hii Karura, wiki ijayo Ngong Road Forest, ile ingine Nairobi National Park, utapata picha nzuri sikatai lakini hutaona mabadiliko, juu mabadiliko unayaona tu kama unakumbuka vile mahali palikuwa mwezi uliopita. Na ndani ya hiyo bustani chagua njia fupi, kitu cha kutembea polepole kwa saa moja hivi, upite hapo hapo kila ukienda. Mara moja kwa wiki inatosha sana, ata mara mbili kwa mwezi si mbaya. Bustani iliyo karibu na kwako ndiyo bora ata kama haina jina kubwa, juu ya mbali utaenda wiki chache alafu nauli na foleni vikuchoshe uache.

Kama huna ya karibu ningekuambia anza na Arboretum, pale State House Road, juu kutoka tao unaweza ata kutembea na miti mingi ina vibao vya majina, na kwa mtu anayeanza hiyo ni msaada mkubwa. Ilianzishwa 1907 kujaribu miti ya kigeni inayokua haraka, wakati huo treni zilikuwa zinachoma kuni na reli ilihitaji kuni nyingi kupindukia, ndio maana ukitembea pale unakutana na miti ya Australia, ya Asia na ya Amerika imesimama bega kwa bega na ya kwetu. City Park ya Parklands nayo ina kipande cha msitu wa asili kilichobaki tangu kabla mji haujakua, na kima wengi (pia pale ndipo amezikwa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wa pili wa nchi hii, na Pio Gama Pinto, mpigania uhuru, yuko hapo hapo, pita uwasalimie). Karura ni kubwa, hekta kama 1,000, na kila mtu anayetembea mle anafaa kukumbuka kwamba 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea huo msitu usigawiwe watu wa kujenga. Ukichagua Karura usijaribu kuimaliza, shika njia moja tu, labda ile ya maporomoko, na uifanye yako.

Vifaa ni vichache. Kidaftari na kalamu, simu yenye chaji, viatu vya kufunika vidole. Darubini ikipatikana ni sawa, na ukinunua angalia zile namba mbili, 8x42 ni nzuri kwa ndege, 8 ni mara ngapi inakuza na 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, usidanganywe na zile za kukuza mara 20 juu mkono utatetemeka usione kitu. Maji beba kwa chupa ya chuma, juu tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye misitu na mbuga za hifadhi. Simu ya kawaida haina shida lakini kamera kubwa ulizia getini kwanza. Fika asubuhi mapema, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu ndio ndege wana shughuli, na kama ni sehemu yenye watu wachache usiende peke yako.

Miti kwanza, ndege baadaye

Wengi huanza na ndege alafu wanakata tamaa juu ndege haingoji. Mti unangoja. Kwenye njia yako chagua miti minne tu ya kufuatilia mwaka mzima.

Wa kwanza uwe jacaranda, juu huwezi kuukosa. Si mti wa hapa, umetoka Amerika ya Kusini, lakini kwa kujifunza hauna mfano. Kuelekea mwisho wa baridi majani yanageuka manjano na kudondoka, mwezi wa tisa matawi yako karibu uchi, alafu maua yanatokea kabla majani mapya hayajajaa na ikifika mwezi wa kumi barabara zimelala zambarau. Andika tarehe tatu: siku umeona ua la kwanza limefunguka, siku nusu ya mti imechanua, na siku maua ya chini yamekuwa mengi kuliko ya juu. Usidharau hizo tarehe. Kule Kyoto, Japani, watu wameandika siku ya kilele cha maua ya cheri tangu karne ya 9, na ni kwa hayo maandishi ilijulikana kwamba kilele cha 26 Machi 2021 kilikuwa, hadi wakati huo, cha mapema kuliko vyote kwa miaka kama 1,200. Hao walioandika zamani hawakuwa wanasayansi, walikuwa tu watu waliojali maua yao.

Wa pili mkinduri, ule mrefu wa matawi yaliyotandazwa ghorofa kwa ghorofa, jani lake juu ni kijani na chini ni rangi ya fedha. Kiangazi kikikaza majani yanalegea, yanageuka rangi ya chungwa moja moja na kuanguka, na mvua ikirudi unajaa tena haraka sana.

Wa tatu, na hapa ndio nataka ukae kidogo, ni mugumo, ule mtini wa msituni. Mugumo haufuati msimu wa wenzake. Huu hapa una matunda leo, ule wa upande ule hauna kitu, mwezi ujao wamebadilishana. Sababu iko ndani ya tunda lenyewe. Okota moja lililoanguka, lipasue na ukucha, uangalie ndani kwa karibu: utaona nyuzi nyuzi ndogo nyingi zimejipanga kuzunguka ukuta, hizo ndizo maua, yaani maua ya mugumo yako ndani kwa ndani na hakuna nyuki anayeweza kuyafikia. Anayeyafikia ni nyigu mdogo kuliko mbegu ya ufuta. Jike anajipenyeza kwa kitundu kilicho kwenye ncha ya tunda, kwa kawaida mabawa yanakatikia hapo mlangoni, anaingia na chavua aliyoibeba, anataga mayai na anafia humo humo. Watoto wakikua, madume ambao hawana mabawa wanatoboa njia ya kutokea, majike wanatoka na chavua mpya, na wana siku moja mbili tu za kuishi na kutafuta mti mwingine ulio tayari. Ungekuta migumo yote inachanua wiki moja alafu inanyamaza, hao nyigu wangeisha, na bila nyigu hakuna mbegu ya mugumo. Ndio maana kila mti una kalenda yake, na ndio maana karibu kila mwezi kuna mugumo mmoja mahali fulani umeiva.

Kwa wewe maana yake ni hii: ukipata mugumo ulioiva tafuta mahali pa kukaa, tulia nusu saa, usizunguke. Watakuja wenyewe. Ninga, wale njiwa wa kijani, wanakaa kimya kabisa katikati ya majani hadi mmoja asogee ndio ugundue wako kumi. Hondohondo unasikia mabawa yake kabla hujamwona. Kima, shorewanda, na jioni popo. Mti mmoja kama huo utakuonyesha wanyama wengi kuliko ukitembea kilomita tano.

Wa nne uwe ule usioujua jina kabisa. Uliza. Karibu kila bustani utapata mzee anafagia ama askari wa msitu anapiga doria, msalimie vizuri, "Habari ya asubuhi mzee, samahani, huu mti kwenu mnauitaje?", na mara nyingi hutapewa jina tu, utaambiwa gome lake lilichemshwa kwa ugonjwa gani, kuni zake zina moshi ama hazina, na nani alikatazwa kuukata. Andika hayo yote na uandike ni kwa lugha gani.

Mwaka unavyokwenda

Januari na Februari ni ukavu. Nyasi zinageuka rangi ya majani makavu, na hapo ndipo muhuti unatoa maua mekundu wakati hauna jani hata moja. Simama chini yake asubuhi uangalie chozi, wale ndege wadogo wa kung'aa wenye mdomo uliopinda, dume mmoja anaweza kulinda tawi lake na kufukuza wengine bila kupumzika. Mvua za vuli zikiwa zimenyesha vizuri, miezi hii ama ata Desemba kuna siku utaona vipepeo weupe wenye mishipa ya kahawia wakipita wengi sana, wote wakielekea upande mmoja, juu ya paa, juu ya Uhuru Highway, hawasimami. Andika tarehe na upande wanaoelekea, kaskazini ama kusini, hiyo ni habari muhimu.

Masika ndio wakati wa kutokosa. Kabla mvua haijaanza utasikia ndege anayeita noti tatu zinazoshuka, anarudia rudia kutoka juu ya mti hadi unachoka, na wazee wengi watakuambia huyo anaita mvua. Ni kekeo mwenye kifua chekundu, na kumwona ni kazi juu anakaa juu sana na hasogei. Hajengi kiota. Jike anatafuta kiota cha ndege mdogo mwenye kifua cha rangi ya chungwa na mstari mweupe juu ya jicho, yule anayeimba vizuri sana kwenye ua alfajiri, anataga humo na kuondoka. Kinda la kekeo likitoka kwa yai linasukuma mayai ya mwenye nyumba nje. Wiki chache baada ya mvua kuanza, ukisikia kinda linalia bila kukoma kwenye kichaka sogea polepole, unaweza kukuta mama mdogo anasimama karibu mabegani mwa mtoto aliyemzidi ukubwa ili amfikishie mnyoo mdomoni. Usiwasogelee zaidi ya hapo.

Alafu kumbikumbi. Mvua ya kwanza kubwa ikishanyesha, hasa jioni ama alfajiri inayofuata, tafuta kichuguu ama ata ufa kwenye nyasi na uchuchumae. Mwanzo unaona askari wenye vichwa vikubwa wanatoka na kulinda matundu, alafu wenye mabawa wanaanza kusukumana, wanapanda jani, wanapepesuka na kuruka. Angalia juu sasa: mwewe wanazunguka na kula wakiwa hewani, mbayuwayu wanapita chini chini, na ata kwera ambaye siku zote unamwona na mbegu leo anakula nyama. Wale wanaofika chini salama wanakatika mabawa wenyewe, wanatembea wawili wawili dume nyuma ya jike hadi wapate mahali pa kuchimba, na hao wawili wakifaulu ndio mfalme na malkia wa kichuguu kipya. Yote hayo yanaisha ndani ya saa moja, kwa hivyo ukisikia radi na uko karibu na bustani yako usikimbilie nyumbani mara tu mvua ikikatika.

Miezi hiyo hiyo, kwenye kivuli cha msitu kama Karura, utaona mpira mwekundu umesimama kwa kikonyo peke yake ardhini bila jani, saizi ya ngumi ama zaidi. Ni ua moja lililojengwa na vijiua vingi vidogo vidogo, linatoka kwa kitunguu kilichokuwa kimelala chini kiangazi chote. Linakaa wiki moja mbili. Tafadhali usilichume na usichimbe kitunguu, lina sumu na nyumbani kwako halitaleta furaha unayodhani.

Baridi ya Juni hadi Agosti watu huiacha, mimi nasema iende. Usiku unaweza kushuka hadi nyuzi 11 ama 12, mawingu hayatoki, ndege wako kimya. Lakini ndege yeyote utakayemwona Julai huyo karibu hakika ni mwenyeji wa hapa, wageni wa Ulaya wote wamekwenda, kwa hivyo ndio mwezi mzuri wa kujifunza wenyeji kwanza: kwarara wa kelele, shorewanda, kuzumburu wa mkia mrefu. Ukiwajua hawa vizuri Julai, mgeni akifika Septemba utamtambua mara moja.

Na wageni wanafika kweli. Kuanzia mwisho wa Septemba weka masikio juu, keremkerem wa Ulaya wanapita juu sana na utawasikia kabla ya kuwaona, wanapitia tena Machi na Aprili wakirudi. Mbayuwayu wa Ulaya wanakaa nasi hadi Aprili. Na Novemba hadi Desemba, siku za mawingu ya radi, angalia kama kuna kundi la kozi wadogo wembamba wanaoruka pamoja na mvua: hao ni kozi wa Amur, wamezaliana huko mashariki ya Urusi na kaskazini ya China, wakapitia India na kuvuka Bahari ya Hindi, na hapa wanapita tu wakielekea kusini mwa Afrika. Yaani mtu amesimama kwenye stejini pale Museum Hill anangoja matatu na ndege wa kutoka Siberia anampita kichwani.

Mambo ya kuangalia usiumie, na usiumize

Nairobi fly inajitokeza sana wakati wa mvua, na ile mvua ya El Niño ya 1997 na 1998 ilileta wengi watu wakaungua ngozi kila mahali. Jina linasema nzi lakini ni mdudu wa jamii ya mbawakawa, mwembamba, chini ya sentimita moja au karibu hapo, mwekundu wa chungwa na mweusi kwa zamu. Haumi wala hadungi. Shida ni sumu iliyo ndani ya mwili wake, ukimponda ngozini malengelenge yanatokea baadaye, mara nyingi siku inayofuata. Basi usimpige. Mpulize, ama mpandishe kwa karatasi umtoe. Ukishamponda osha na maji mengi na sabuni hapo hapo na usijiguse macho.

Siafu nao huhama ardhi ikilowa, angalia unaposimama na chomeka suruali kwenye soksi. Kinyonga hana sumu wala mkosi, najua wengi tulilelewa tukiambiwa vingine, lakini yule wa pembe tatu anayepatikana hapa Nairobi anazaa watoto hai badala ya kutaga mayai na chakula chake ni wadudu. Ukimkuta barabarani mvushe kwa kijiti umweke kwenye kichaka upande aliokuwa anaelekea.

Na kima na tumbili, msiwape chakula. Hii naisema kwa uchungu juu kila wikendi naona mtoto akipewa ndizi ama krisps amnyooshee kima, wazazi wanarekodi. Kima akizoea mkono wa mtu anaanza kunyang'anya, atamuuma mtoto wa mtu, na kesi ikifika hapo anayeadhibiwa ni mnyama. Chakula kiwe ndani ya begi limefungwa hadi mtakapokaa kula, na maganda yarudi nyumbani.

Kuandika na kutuma

Kila ukienda andika juu ya ukurasa tarehe, saa, na kama mvua ilinyesha juzi ama la. Alafu hali ya miti yako minne, alafu ndege na wadudu. "Sikuona kitu kipya" pia andika, juu ukija kuuliza keremkerem walifika lini, siku ambazo hawakuwepo ndizo zinakupa jibu.

Picha zako ziweke kwenye iNaturalist, ni apu ya bure, na watu wanaojua watakusaidia jina. Ya mti piga jani pande zote mbili, gome, na ua ama tunda kama liko, picha ya mti mzima kutoka mbali peke yake haisaidii sana. Ya mdudu mpige kutoka juu na kutoka ubavuni. Usibahatishe jina, andika tu "mmea" ama "ndege" na utasahihishwa. Kwa rekodi za ndege ziko pia eBird na Kenya Bird Map, na Merlin, apu ya kutambua ndege, ukiipakua na pakiti ya Kenya ukiwa kwenye WiFi itafanya kazi ata bila bando. Ukipata kiota ama bundi aliyelala usitangaze mahali kamili kwenye makundi ya WhatsApp, wiki moja tu watu watakuwa wamemhamisha.

Na kama unaona kuanza peke yako ni ngumu, Nature Kenya, chama cha wapenda mazingira, wamekuwa na matembezi ya ndege ya Jumatano asubuhi kwa miaka mingi, wanakutania Makumbusho ya Taifa. Hakikisha saa nao kabla ya kwenda, vaa nguo za rangi iliyotulia, na utoke nyumbani mapema juu jam ya Waiyaki Way unaijua.